Kabla Hujainunua Beji ya Mjerumani

Beji ya vita haiuzwi bila hadithi. Muuzaji akikukuta Omurushaka siku ya gulio, au akikutumia picha kwenye simu ukiwa dukani kwako Nyakahanga, ataanza kusimulia kabla hajafungua kitambaa. Mjerumani alipokuwa akiwakimbia Waingereza alifukia sanduku. Mzee mmoja akichimba msingi wa nyumba akalikuta. Sasa ukoo una mgonjwa, unataka kuuza kimyakimya. Ndipo kitambaa kinapofunguliwa: tai wa chuma aliyekunjua mabawa, shada la majani, na pini kwa nyuma. "Hii ni ya rubani wa Mjerumani, bosi. Wazungu wanaitafuta kwa mamilioni."

Huenda kweli ni beji ya rubani. Huenda pia imetoka kiwandani majuzi, ikafukiwa kwenye udongo wenye chumvi na mkojo wa ng'ombe ili ipate kutu ya kizee. Nawaandikia vijana wa Karagwe na Kyerwa walioanza kupenda vitu vya zamani, wenye pesa ya kahawa mfukoni wanaotafuta pa kuiweka, na zaidi sana familia zenye nishani ya babu sandukuni zisizojua ni kitu gani. Ushauri wangu mkubwa ni huu: ipime hadithi kwanza, chuma baadaye. Kupima hadithi hakuhitaji mzani wala sumaku. Kunahitaji tarehe, na tarehe za mkoa wetu wa Kagera zinajulikana.

Wajerumani waliingia Bukoba mwaka 1890 pale Emin Pasha alipoanzisha kituo chao. Waingereza waliivamia Bukoba kwa meli kutoka ng'ambo ya Ziwa Victoria tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo, mji ukaporwa, kisha wakaondoka. Mwaka uliofuata, katikati ya 1916, Wajerumani waliuacha mkoa moja kwa moja, na utawala wao hapa haukurudi tena. Kwa hiyo kitu chochote kinachosemwa kwamba kiliachwa Karagwe na Mjerumani aliyekimbia vita hivyo lazima kiwe kimetengenezwa kabla ya katikati ya 1916.

Sasa mtazame yule tai wa kwenye kitambaa. Kama ameshika msalaba uliopinda ncha, ile swastika ya chama cha Hitler, hadithi imekufa hapohapo. Alama hiyo iliingia kwenye bendera ya dola ya Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, na jeshi lao la anga, Luftwaffe, lilitangazwa hadharani mwaka 1935. Beji ya rubani wa jeshi hilo iliwekwa rasmi Agosti 1935. Mjerumani aliyekimbia Bukoba mwaka 1916 hakuweza kufukia kitu kilichozaliwa miaka 19 baadaye. Hapa hakuna haja ya kubishana na muuzaji wala kumwita tapeli, maana mara nyingi naye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwambie tu kwamba tarehe hazikubaliani, mshukuru, uende zako.

Wapo waliokwisha kulijua hilo, nao watakuletea beji isiyo na swastika wakisema ni ya vita vya kwanza. Hapo inafaa kujua ni marubani gani Wajerumani walikuwa nao huku kwetu. Karibu hawakuwapo. Bruno Büchner alikuja Dar es Salaam na ndege yake mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyopangwa Agosti mwaka huo, kusherehekea reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma. Vita vikazuka kabla ya maonyesho, na ndege hiyo ikaharibika mapema. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kumpelekea Jenerali Lettow-Vorbeck silaha na dawa kwa puto kubwa la injini, Zeppelin L 59. Liliondoka Jambol, Bulgaria, tarehe 21 likiwa na tani 15 hivi za mizigo, likavuka Misri na kuingia Sudan, kisha likapokea amri ya kurudi. Lilikaa angani saa 95 na kusafiri karibu kilomita 6,800 bila kutua, lakini Afrika Mashariki halikufika. Ndege ambazo wazee wetu waliziona angani katika vita vile zilikuwa za upande wa pili: za Waingereza kule delta ya Rufiji wakiisaka manowari Königsberg mwaka 1915, na ndege za maji za Wabelgiji zilizoipiga Kigoma mwaka 1916.

Beji ya rubani wa Prussia ya zama hizo ipo, na ni kitu kizuri. Iliwekwa na Kaiser Wilhelm II tarehe 27 Januari 1914. Ina shada la duara refu, taji la kifalme juu yake, na katikati ndege ya bawa moja ikipita juu ya mashamba. Nyingi zilipigwa kwa bamba jembamba la fedha, zikawa na uwazi kwa nyuma. Ukionyeshwa moja Karagwe, iangalie kwa heshima, lakini usiamini kwamba imechimbuliwa Karagwe.

Je, beji ya Luftwaffe inaweza kufika kwetu kwa njia halali? Inaweza, na njia yenyewe inatuhusu zaidi kuliko masanduku ya kubuni. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya vijana wa Tanganyika walichukuliwa jeshini. Wengine walikuwa KAR, yaani King's African Rifles, wengine vikosi vya kazi na vya pioneer vilivyopelekwa Misri na Mashariki ya Kati, wakati Wajerumani wakipigana Afrika Kaskazini hadi 1943. Askari wa kila taifa huokota kumbukumbu. Babu aliyetumikia huko angeweza kurudi na beji ya Mjerumani aliyetekwa au aliyeanguka na ndege. Hadithi ya namna hiyo naipokea, ila nitauliza: babu alikuwa kikosi gani, alikwenda wapi, alirudi lini, na kitabu chake cha kuachishwa jeshi kiko wapi? Mtu anayesema kweli atakuwa na jibu moja kati ya hayo, hata likiwa pungufu.

Hapa kuna jambo wakusanyaji wengi hulipita. Askari wa Afrika Mashariki walipigana na Waitalia zaidi kuliko walivyopigana na Wajerumani. Mwaka 1940 na 1941 KAR walikuwa Somalia na Ethiopia hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941, na mateka wa Kiitalia waliletwa kwa maelfu katika makambi ya huku kwetu. Kwa hiyo tai wa chuma aliyetoka kwenye sanduku la askari wa KAR anaweza kabisa kuwa Mtaliano. Tafuta taji la kifalme juu ya tai: marubani wa Italia walikuwa nalo, na Luftwaffe hawakuwa nalo kamwe. Mabawa ya kitambaa yaliyoshonwa, yenye herufi RAF chini ya taji, ni ya Mwingereza. Nimeona watu wakiyaita yote hayo "ya Mjerumani" kwa sababu jina hilo ndilo linalopandisha bei.

Hadithi ikishapita, geuza beji. Mgeni wa mambo haya hutazama uso. Mzoefu huanza na mgongo. Beji ya rubani wa Luftwaffe ina vipande viwili: shada la majani, nusu loreli na nusu mwaloni, na tai aliyetengenezwa peke yake kisha akafungwa juu ya shada kwa ribiti mbili. Ribiti hizo utaziona nyuma zimepondwa vizuri. Ukikuta tai na shada ni kitu kimoja kilichomiminwa, au ribiti ni vinundu vya mapambo visivyoshika chochote, irudishe. Nyuma pia mara nyingi kuna alama ya kiwanda, kama C. E. Juncker wa Berlin au herufi A ndani ya duara ya kampuni ya Assmann. Lakini alama isikulevye. Mwigaji hupenda kuiga alama kuliko kitu kingine chochote, maana anajua mnunuzi ataitafuta hiyo.

Tazama kwa kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa kinatosha. Beji za kweli nyingi zilipigwa kwa muhuri wa chuma kigumu chini ya mashine nzito, kwa hiyo manyoya ya tai yana kingo kali na sehemu za bonde ni laini. Beji iliyomiminwa kwenye ukungu ina vishimo vidogovidogo, manyoya yamefifia, na ubavuni kuna mstari pale nusu mbili za ukungu zilipokutana au alama za tupa iliyotumika kuufuta mstari huo. Pitisha ukucha ubavuni taratibu. Kidole mara nyingi huona kabla ya jicho.

Kisha angalia uchakavu uko wapi. Beji iliyovaliwa huchakaa penye mwinuko: kifua cha tai, ncha za bawa, migongo ya majani. Pini hulegea, na nyuma hung'aa pale iliposuguana na nguo. Mahali palipojificha hubaki na rangi ya awali. Beji iliyozeeshwa kwa asidi au kwa udongo ina weusi uleule kila mahali, hata chini ya pini ambako jasho na mvua havikufika. Madini nayo yana tarehe yake. Za mwanzo zilitengenezwa kwa aluminiamu au kwa mchanganyiko wa shaba na zinki uliopakwa fedha. Vita vilipokolea na shaba ikahitajika kwa risasi, viwanda vikahamia kwenye zinki. Zinki hiyo leo imegeuka kijivu, rangi ya fedha imefifia, na pengine imefura vipele. Kwa hiyo beji ya zinki inayong'aa kama kijiko kipya ni ya kutilia shaka, na yenye sura mbaya huenda ndiyo halisi.

Sumaku ya spika mbovu inasaidia, ukijua unachokitafuta. Pini mara nyingi ni ya chuma na itavutwa, lakini mwili wa beji ya rubani haupaswi kuvutwa. Msalaba wa Chuma ni kinyume chake. Ule wa 1914 na ule wa 1939 una kiini cheusi cha chuma kilichobanwa kati ya fremu mbili za rangi ya fedha, kwa hiyo katikati inapaswa kushika sumaku. Ukishikishwa msalaba wa kipande kimoja uliopakwa rangi nyeusi katikati, na kiungo cha fremu hukioni popote, umeshika pambo. Na hata ukiwa halisi, kumbuka kwamba Misalaba ya Chuma ya daraja la pili ilitolewa kwa mamilioni. Ukongwe si uadimu.

Kwa utepe na beji za kitambaa, chukua ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Nyuzi za pamba za kabla ya 1945 hubaki hafifu chini ya mwanga huo. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu kali. Lakini uwe mwangalifu: kitambaa cha kweli kilichofuliwa na mjukuu kwa sabuni ya unga nacho kitang'aa, kwa sababu ya dawa ya weupe iliyomo. Kwa hiyo mwanga peke yake usihukumu. Neno moja zaidi kuhusu alama: mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliwaruhusu wanajeshi wake wa zamani kuvaa nishani zao kwa sharti swastika iondolewe, na matoleo mapya yakatengenezwa. Beji yenye tai yuleyule asiye na swastika huenda ni ya sheria hiyo ya 1957. Si bandia, lakini si ya vitani pia, na bei yake ni nyingine.

Vipi kuhusu bei? Beji ya kawaida ya rubani wa Luftwaffe iliyothibitishwa huuzwa Ulaya kwa mamia kadhaa ya euro. Si haba, lakini haijengi ghorofa. Anayetaka shilingi milioni 40 anauza ndoto.

Wauzaji hawahawa ndio wanaotembeza rupia, nami siwezi kuipita maana imewatia hasara watu wengi. Rupia ya Kijerumani haina nguvu za ajabu. Haivuti mchele, haizimi tochi, na haina zebaki nyekundu ndani yake. Ni sarafu ya fedha yenye sura ya Wilhelm II amevaa helmeti yenye tai juu, uzito gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000. Sonara mwenye mzani wa kusoma sehemu za mia za gramu anaweza kuipima mbele yako. Aweke glasi ya maji juu ya mzani na kuurudisha kwenye sifuri, kisha aizamishe rupia ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala ukingo. Ikiwa ni ya fedha, mzani utasoma karibu gramu 1.1. Ukisoma 1.3 au zaidi, hiyo ni shaba iliyopakwa. Kipimo hiki hakiharibu kitu na hakidanganyiki kwa maneno. Sarafu ya kutafuta kweli ni ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli kwa dhahabu ya Sekenke, ikiwa na herufi T. Zilipigwa 16,000 na kidogo, kila moja gramu 7.17 hivi, na za kweli zina thamani ya maelfu ya euro. Kwa sababu hiyohiyo nakala zake ni nyingi. Ukiletewa moja, usilipe hata senti kabla ya kipimo cha sonara. Na mtu akikudai "ada ya kupima" itumwe kwa simu kabla hujaiona sarafu, funga mazungumzo.

Sasa nije kwenye nishani za nyumbani, ambazo kwangu zina uzito kuliko tai wote wa Luftwaffe. Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa zimo nyota za shaba zenye ncha sita na medali za duara zenye sura ya Mfalme George VI. Watoto hucheza nazo, wanunuzi wa chuma chakavu huzichukua kwa bei ya soda. Nyota yenye utepe wa buluu iliyoiva, mstari mwekundu katikati na wa chungwa pande zote mbili, ni ya Burma. Maana yake mwenye nyota hiyo alifika kwenye misitu ya mpaka wa India na Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944, katika mvua na malaria, hadi kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu mpana katikati, na mingine myembamba ya buluu, ni wa Nyota ya Afrika.

Nyota hizi kwa kawaida hazina jina la mwenyewe. Waingereza waliandika majina na namba ukingoni mwa medali za Vita Kuu ya Kwanza, lakini zile za vita vya pili walizitoa tupu. Kwa hiyo medali ya duara ya 1914 hadi 1918 isome ukingo kwanza, kwa mwanga wa pembeni. Jina la mtu wa hapa linaweza kuwa limeandikwa humo miaka mia na zaidi. Ile ya 1939 hadi 1945 haina pa kusoma. Ushahidi wake wote umo katika kitabu cha jeshi, picha na kumbukumbu za familia. Ukiitenganisha na hivyo, umeifanya nyota kama nyingine milioni, ya bei ndogo na isiyo na mwenyewe.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck. Wazee wapatao 350 wakakusanyika, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Afisa aliyekuja na pesa akampa kila mmoja fimbo ya ufagio na kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea. Wazee hao walijithibitisha kwa miili yao. Waliotumikia Burma wamekwisha karibu wote, na waliobaki na habari zao ni wake, watoto na wajukuu. Ndiyo maana nasisitiza kuandika.

Chukua daftari. Andika jina kamili la mzee na la baba yake, kijiji, namba ya jeshi kama inajulikana, kikosi, mahali alipotajataja, mwaka alioondoka na aliorudi, nani alikuwa anakitunza kitu hicho baada yake. Kwa wazee wenu walio hai waliopigana Vita vya Kagera, fanyeni haraka zaidi. Kijana wa miaka 20 aliyevuka Kyaka kuelekea Mutukula mwaka 1979 leo anazidi miaka 65. Mwendee kwa adabu, msalimie, kaa chini, na usianze na medali. Anza na safari yake. Medali ataileta mwenyewe akiona unasikiliza.

Na tafadhali usioshe. Najua mkono unawasha: ndimu, majivu, dawa ya kung'arishia shaba, waya wa kusugulia sufuria. Kila kimoja kinakula uso wa nishani, na uso ukishaliwa haurudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Usiweke kwenye mfuko wa nailoni laini unaonuka dawa, maana hutoa mvuke unaoacha ukijani juu ya shaba. Bahasha ya karatasi nyeupe inafaa zaidi. Nyumba zetu za milimani hupata ukungu mwingi asubuhi, kwa hiyo sanduku lisikae sakafuni wala ligusane na ukuta. Utepe ulioliwa na nondo usiutupe na kushona mpya. Kipande kilichobaki kina thamani kuliko utepe mzima wa dukani.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyagusa kabisa. Kuchimba kwenye maboma, makaburi na mahandaki ya zamani bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ukitaka kupeleka kitu cha kale nje ya nchi, iulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Sheria hiyo inavilinda kwa namna ya pekee vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ndugu zangu wa Bweranyange mnaelewa uzito wa jambo hilo: vyuma vya kifalme vya Omukama Rumanyika, aliyewapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, ni vya zama hizo. Mtu akikunong'oneza kwamba ana kimoja cha kuuza, huo ni wizi wa mali ya Karagwe nzima, na pa kuupeleka ni serikalini. Sare na alama za JWTZ zinazotumika sasa si bidhaa ya mkusanyaji pia.

Risasi, bomu na guruneti usiviokote, hata kama vimeoza kwa kutu. Novemba 2017 watoto wa shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani humu humu, waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa na guruneti lililookotwa likadhaniwa chuma chakavu. Ukiona kitu cha namna hiyo shambani au mtoni Kagera, weka alama mbali nacho, wazuie watoto, na uwaite polisi.

Ukiamua kununua, nunua mchana, nyumbani kwa muuzaji au mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, si kwenye maegesho ya bodaboda saa mbili usiku. Omba picha za mbele, nyuma na ubavu, kitu kikiwa kando ya rula, zipigwe leo. Ziweke picha hizo kwenye mtandao uone kama zimeshatumika na wauzaji wengine. Andikishaneni karatasi yenye jina, namba ya kitambulisho, maelezo ya kitu na hadithi yake kama muuzaji alivyoitoa, mtie sahihi wote na shahidi mmoja. Muuzaji wa kweli hataikimbia karatasi hiyo. Lipa kiasi ambacho ukigundua kesho ni bandia bado watoto watakula. Ukiwa na shaka, mpelekee mtu wa makumbusho akiangalie, au subiri. Kitu kilichongoja tangu 1945 kinaweza kungoja mwezi mmoja zaidi.

Na kama wewe ndiye unayeombwa kuuza, jibu la kwanza liwe hapana. Sikiliza, piga picha za mbele na nyuma, andika hadithi, kisha kaeni kikao cha familia. Mkiona lazima iondoke nyumbani, ulizeni kwanza makumbusho ya hapa Kagera au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kabla ya mgeni mwenye gari. Hizi nishani zilitolewa kwa watu wa vijiji hivi, waliokwenda kwa amri ya wengine wakarudi wakalima kahawa na migomba. Sikukuu ijayo watoto wakirudi kutoka Mwanza na Dar, litoeni sanduku, mwiteni bibi aseme anachokumbuka, na mmoja wenu aandike.